MIAKA 12 YA YULE MAMA SIYO MSTARI MMOJA

Nimetoka zamu, nimeoga, chai ipo pembeni, sasa tuendelee na mfululizo wetu wa wanawake wa kwenye Biblia na miili yetu. Leo ni zamu ya yule mliyemwomba sana, mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Ni ndefu, nimeigawa mara tatu. Kama una sufuria jikoni nenda kageuze kwanza, urudi.

1.

Ukitaka kumsoma mwenyewe, yupo Marko 5, Mathayo 9 na Luka 8. Mathayo amempa mistari mitatu tu, akapita. Marko ndiye aliyekaa naye. Ndiye anayetuambia kwamba alihangaika kwa waganga wengi, akamaliza pesa zake zote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa ni tabibu, yeye kalainisha kidogo, kasema tu hakupata wa kumponya. Sisi wa idara ya afya tunalindana tangu zamani, mnaona wenyewe.

Nasema wazi msimamo wangu. Huyu mama tumemhubiri vibaya. Tumechukua dakika yake moja, ile ya kushika pindo la vazi, tukaitengenezea mahubiri, mikesha na chupa za mafuta. Ile miaka 12 tumeiacha imelala kwenye mstari mmoja. Na mwanamke aliyeumia moyo kwa miaka, ukimpa ile dakika peke yake, humtibu. Unamwongezea mzigo. Anarudi nyumbani anajiuliza, mbona mwenzangu aligusa mara moja tu na mimi nimegusa kila ibada?

Kinachomtibu, na hili nimeliona wodini kwa macho yangu, ni pale anapokaa na yule mama kwenye miaka yake. Anapomuwazia anaamka saa ngapi. Analala wapi. Vitambaa vyake anafulia wapi ili watu wasione. Yaani unampa maisha yule mtu ambaye maandiko yalimpita haraka, halafu ghafla unajikuta naye chumbani kwako, mmekaa kitanda kimoja.

Najua tayari kuna mtu anaandika: "Nesi, usiongeze kwenye Neno." Nikujibu kwa upole ndugu yangu. Wewe umeshasikia mara ngapi madhabahuni kwamba huyu mama angeonekana kwenye umati angepigwa mawe hadi kufa? Mimi nimesikia tangu nikiwa Sunday school. Sasa fungua Walawi 15, ndiyo sheria yenyewe. Inasema kitanda chake na anapokalia ni najisi, na atakayevigusa afue nguo, aoge, akae hadi jioni. Basi. Onyo kali la mwisho wa sura linahusu kuitia unajisi maskani ya Mungu. Mawe hayapo. Tena nusu ya kwanza ya sura hiyo hiyo inahusu wanaume wanaotokwa na usaha au mbegu, nao vitanda vyao ni najisi vile vile, ila hao sijawahi kuwasikia wakihubiriwa hata Jumapili moja! Kwa hiyo kuwazia tunawazia wote. Tofauti ni kwamba wengine wanawazia mawe, mimi nakuomba uwazie ndoo na vitambaa.

Na wala sikuanza mimi. Eusebio, askofu wa Kaisaria na mwandishi wa historia ya kanisa wa karne ya 4, anaandika kwamba huyu mama alikuwa mtu wa Kaisaria Filipi, na kwamba watu walikuwa wakiionyesha nyumba yake. Mlangoni palikuwa na sanamu ya shaba ya mwanamke aliyepiga magoti, amenyoosha mikono, na mbele yake sanamu ya mwanaume amesimama. Anasema aliiona. Wengine wa zamani wakampa jina, Berenike, ambalo kwa Kilatini likawa Veronika. Kule Roma, chini ya ardhi, kwenye makaburi ya Marselino na Petro, kuna mchoro wake ukutani akiwa ameinama anashika vazi. Wakristo wa mwanzo walimwona hana jina wala nyumba, ikawakera, wakamtafutia. Sikuambii uamini ile nyumba ilikuwa yake kweli. Nakuambia tu kwamba hamu ya kujua alikuwa anaishi wapi ni ya zamani, na siyo dhambi.

2.

Twende sasa kwenye miaka yenyewe. Hapa nitaongea kama nesi.

Mwanamke anayetokwa na damu miaka 12 ana upungufu wa damu. Hilo halihitaji maono. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka kipimo cha damu kisipungue 12, na chini ya 8 tunasema upungufu ni mkali. Yule mama hakuwa na kipimo, lakini mwili wake ulikuwa unajua. Akipanda ngazi tatu moyo unapiga kama amekimbia. Akisimama ghafla giza linamjia. Masikio yanavuma. Kucha na ulimi vimepauka. Pengine alikuwa anakula udongo, kama wengi wenu mnaonunua vile vipande sokoni na kuvificha kwenye pochi (ndiyo, nawajua, na hamu hiyo mara nyingi ni mwili unaolilia madini ya chuma). Jirani anapita anasema, mbona yule mvivu siku hizi?

Kisha vitambaa. Hakuna pedi. Maji yanachotwa mbali, na kisimani kuna watu. Kwa hiyo anakwenda wakati wengine hawapo. Anafua kabla hakujakucha, anaanika ndani ambako havikauki vizuri, vinabaki na harufu. Na harufu ndiyo inayomfanya aache kwenda harusini. Siyo sheria ya Walawi, ni harufu. Wewe uliyewahi kukaa kwenye kiti cha ofisi saa nne bila kuinuka kwa sababu hujui umeacha nini nyuma, unaelewa naongea nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi kabla sijafanyiwa upasuaji, na miaka mitatu nilifanya kazi ndani ya sare nyeupe. Sweta kiunoni hata kwenye joto la Februari. Kanga nyeusi kwenye mkoba. Nilijua kila choo kilipo kuanzia stendi hadi wodini. Kwa hiyo nikisoma kwamba alikuja kwa nyuma ya Yesu, sihitaji mtu anifafanulie unyenyekevu. Mtu mwenye hali hiyo hupita nyuma kila mahali. Na kuhusu kushika pindo, pale chini kabisa, mimi huwa nawaza kwamba labda miguu ilikuwa imeshaisha. Damu ni kidogo, umati unasukuma, jua kali. Labda hakuinama. Labda alikuwa anaanguka, akashika alichokifikia.

Waganga je? Talmudi ya Babeli, ambayo iliandikwa karne kadhaa baada yake, imehifadhi tiba za mwanamke wa namna hii. Mojawapo ni vitunguu vya Kiajemi vilivyochemshwa kwenye divai, anakunywa huku anaamriwa damu yake ikome. Nyingine, anakalishwa njia panda ameshika kikombe cha divai, halafu mtu anamjia kwa nyuma na kumshtua. Cheka, lakini usicheke sana. Mimi nimepokea wagonjwa wenye kamba kiunoni, wenye chupa ya mizizi chini ya mto na wenye maji ya upako pembeni ya dripu. Mtu aliyechoka hujaribu kila anachoambiwa, na kila anayemwambia anataka kitu kidogo mkononi. Zidisha kwa miaka 12. Marko anasema pesa zote zikaisha. Hapo usione pesa, ona mbuzi aliyeuzwa, ona bangili za mama yake, ona kaka aliyesema hii ni mara ya mwisho nakusaidia.

Na kuna neno moja ambalo limenikaa moyoni. Ile Biblia yetu ya Kiswahili ya zamani, ya Union, haisemi alipona ugonjwa. Inauita msiba. Kigiriki chake kina maana ya mjeledi, kipigo cha kiboko, lakini waliotafsiri wakachagua msiba. Sisi tunajua msiba ni nini. Msiba ni turubai, ni majirani wanaleta kuni na unga, ni wanawake wamejaa mkekani, hakuna anayekuacha ulale peke yako. Huyu mama alikuwa msibani miaka 12 na hakuna aliyetandika mkeka.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo wodini kwetu, baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha asijulikane. Aliletwa hajiwezi, damu ipo 4. Alikuwa na tarehe ya upasuaji miezi kadhaa nyuma, hakwenda. Mtumishi mmoja, simtaji, alimwambia kwenda kwa daktari ni kuonyesha kwamba imani yake haijafika ya yule mwanamke wa Marko 5. Akaacha na vidonge vya kuongeza damu. Akapanda mbegu, kama wanavyosema, mpaka duka likafungwa. Tulimwongezea chupa za damu, akapata nguvu, madaktari wakamtoa kizazi. Mwili ukaanza kurudi. Lakini yeye aligeukia ukutani siku tatu, hali, haongei. Akaniambia, "Sista, mimi Mungu ameniona sina imani, ndiyo maana nimepasuliwa."

Sikumhubiria. Usiku kulipotulia nilivuta kiti nikamuuliza swali moja tu: unadhani yule mama, usiku, alikuwa anafanya nini?

Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani amelala. Kisha akasema, akiwa bado kaangalia ukuta, "Alikuwa anafua."

Nikamuuliza, anafua wapi? Akaniambia. Akanieleza karai, akanieleza jinsi ya kumwaga maji polepole ili mtoto asisikie, akanieleza mume alivyohamia chumba cha pili akasema ni kwa sababu ya joto. Aliongea hadi alfajiri, na mara zote alikuwa anasema "yeye", "yule mama". Hakusema "mimi" hata mara moja. Asubuhi akaomba uji.

Uponyaji wa roho ninaouongelea ndio huo. Sina jina kubwa zaidi la kuupa.

3.

Turudi kwenye umati, maana kuna jambo pale ambalo nesi yeyote wa mapokezi ataliona haraka.

Yesu alikuwa kwenye dharura. Yairo, kiongozi wa sinagogi, binti yake yuko kufani. Mtoto wa miaka 12. Ona hapo: mwaka ule mtoto wa Yairo alipozaliwa, nyumba ikishangilia, ndio mwaka ambao yule mama alianza kutokwa na damu. Kwa taratibu zetu za dharura sina maswali: mtoto kwanza. Mgonjwa wa miaka 12 anaweza kusubiri nusu saa. Mimi ningemwambia hivyo, na wewe umeshaambiwa hivyo kwenye benchi la hospitali mara nyingi. Wenye magonjwa ya muda mrefu tumezoea kuambiwa kuna wenye hali mbaya zaidi yenu.

Yeye akasimama. Akauliza nani amenigusa. Wanafunzi wakaona ni swali la ajabu, watu wote wanakusonga. Na kusimama kule kulikuwa na gharama, tusijifanye hatuoni. Wakiwa bado wanaongea ikaja taarifa kwamba mtoto ameshafariki. Mwisho wake tunaujua, mtoto aliinuliwa, lakini Yairo pale njiani alikuwa haujui. Kila nikisoma namwonea huruma yule baba.

Sasa swali langu. Damu ilikuwa imeshakata. Marko anasema ilikauka mara ile alipogusa, akasikia mwilini kwamba amepona. Kitabibu kazi imeisha, mgonjwa aruhusiwe. Kwa nini asimwache aondoke kimya kimya kama alivyokuja?

Mimi naona ni kwa sababu bado alikuwa nyuma. Mwili umepona, yeye bado amejificha. Angerudi nyumbani mzima na angeendelea kuchota maji wakati hakuna watu. Ninao wagonjwa wa hivyo. Kuna wanaorekebishwa fistula, mkojo umekauka kabisa, mshono mzuri, na bado anakaa mwisho wa chumba karibu na mlango. Fistula kwa asiyejua ni lile tundu linalobaki baada ya uchungu wa kujifungua uliokaa muda mrefu mno, mkojo au choo kikawa kinavuja bila kujizuia. Inatibika, wengi wanapona kwa upasuaji. Lakini ile tabia ya kukaa karibu na mlango haitolewi kwa kisu.

Kwa hiyo akamwita mbele. Akaja anatetemeka, na Marko anasema alimweleza kweli yote. Hapo huwa nasimama kabisa. Kweli yote ya miaka 12 hausemi kwa sentensi moja. Ilichukua muda gani? Alitaja vitambaa? Aliwataja waganga kwa majina, mbele za watu, na labda mmoja wao yuko pale anaangalia chini? Na Yairo amesimama, mtoto anakufa, na hakuna mahali imeandikwa kwamba Yesu alimwambia fupisha. Alimsikiliza. Hakumwambia pia umeninajisi. Akamwita Binti. Mtu mzima yule, na kwenye injili zote sijaona mwanamke mwingine ambaye Yesu anamwita hivyo ana kwa ana. Baba mmoja amekuja kumwombea binti yake, na huyu ambaye hakuna aliyekuja kumwombea akapewa neno lile lile, hadharani, kwenye masikio ya jirani aliyemwita mvivu.

Ndiyo maana nakuambia uyawazie maisha yake yote, usiruke. Ukiruka miaka, hilo neno Binti linakuwa salamu tu. Ukiwa umeshakaa naye kwenye karai saa kumi alfajiri, linakupata mahali pengine kabisa.

Jaribu wiki hii. Usiku mmoja, simu weka pembeni. Muulize analala wapi. Muulize nani aliacha kumtembelea, na mwaka wa ngapi. Muulize siku ya nane ilikuwaje, maana sheria ilisema akipona ahesabu siku saba, kisha apeleke kwa kuhani njiwa wawili. Hana pesa, hao njiwa kapata wapi? Mimi namwazia amekopa, na aliyemkopesha amemshika mkono. Wewe utamwazia vingine. Ukijikuta umeanza kulia kuhusu njiwa, acha ulie, huenda siyo njiwa.

Na tafadhali, nisinukuliwe vibaya. Kuwazia siyo dawa ya damu. Kama hedhi inapita siku 7, kama unabadilisha pedi kila saa, kama yanatoka mabonge makubwa, kama unatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au ulishakoma hedhi mwaka mzima halafu ukaona tena hata tone, nenda hospitali. Usisubiri mkesha. Inaweza kuwa uvimbe, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi ambayo ikiwahiwa inatibika. Vidonge vya kuongeza damu usinywe na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kunywa na maji au juisi ya chungwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge. Na huyo atakayekuambia imani na vidonge haviendi pamoja, muulize: yule mama alihangaika kwa waganga miaka yote hiyo, Yesu alimgombeza kwa hilo? Soma tena uone.

Mnaotaka kuniandikia kuhusu majibu ya vipimo, njooni inboksi, msiweke hapa hadharani. Zamu yangu ya usiku inaanza kesho, kwa hiyo nitachelewa kujibu. Posti ijayo ni Hajiri, na dada zangu Waislamu mnaonisoma nawahitaji siku hiyo, maana Bi Hajar nyie mnamjua vizuri kuliko sisi.